Riba ya Aibu

Simu yangu ilikuwa hailali chali. Mezani, kitandani, mapajani nikiwa safarini, popote nilipoiweka kioo kilitazama chini. Mke wangu aliponiuliza nilimwambia nakilinda kisikwaruzike. Ukilifikiria jibu hilo kidogo tu unaona ni la kipuuzi, maana kioo hukwaruzika kikilalia meza, hakikwaruziki kikitazama dari. Hakunibishia. Nikajipongeza kimoyomoyo kwamba nimepita.

Kwa mwaka mzima na nusu nilikuwa nadaiwa na watu na taasisi 11, na katika nyumba ya watu wanne mimi peke yangu ndiye niliyejua. Tena kusema nilijua ni kujipendelea. Nilijua nani ananidai. Kiasi gani, sikuthubutu kujumlisha.

Mwanzo wake ni wa kawaida kabisa. Mshahara ulichelewa mwezi mmoja, ikawa miwili, ikawa mitatu. Sikucheza kamari, sikunywa, sikuwa na nyumba ndogo. Nayasema haya harakaharaka na najua kwa nini: hata leo, deni likiwa limebaki kidogo, bado nataka msomaji aniweke kwenye fungu la wadaiwa wema. Kana kwamba riba huwa inauliza tabia ya mtu kabla ya kupanda.

Mwezi wa pili nilihitaji pesa ya kodi ya nyumba, na nilikuwa na pa kwenda mahali patatu. Kwanza kwa kaka yangu mkubwa, ambaye asingenitoza chochote zaidi ya swali moja: "Imekuwaje?" Pili, kwenye chama cha akiba na mikopo cha pale kazini, riba 1% kwa mwezi, sharti niwe na wadhamini wawili ambao ni wanachama. Tatu, programu ya mikopo kwenye simu: unabonyeza, unakubali masharti usiyoyasoma, pesa inaingia ndani ya dakika chache, riba 15% kwa siku 30. Haiulizi mdhamini, haiulizi imekuwaje. Nilichukua hiyo ya tatu bila kusita na nikajiona mjanja.

Imenichukua muda mrefu kuelewa siku ile nilinunua nini. Pesa yenyewe ningeipata kwa 1%, au bure kabisa kwa kaka. Zile asilimia 14 za ziada zilikuwa bei ya kutotazamwa usoni na mtu. Nilikuwa nanunua siri, na siri ni bidhaa ghali kuliko zote nilizowahi kukopea.

Na siri ina tabia moja mbaya: ukishainunua mara moja, lazima uendelee kuilipia. Siku 30 zilipokwisha sikuwa na pesa, nikakopa kwenye programu ya pili kulipa ya kwanza. Wenzangu waliopitia huko wanaita mikopo hii kausha damu, jina ambalo nililicheka nilipolisikia mara ya kwanza.

Hebu tuifanye hesabu, maana mimi sikuifanya mpaka nilipochelewa. Ukikopa 100 kwa 15% kwa mwezi, ukawa hulipi ila unahamisha deni pamoja na riba yake kutoka mkopo hadi mkopo, mwisho wa mwezi wa kwanza unadaiwa 115. Wa pili 132. Mwezi wa tano unapita 200. Ukimaliza mwaka unadaiwa 535 na ushei, na pesa uliyoishika mkononi ni ile ile 100. Kuna kanuni ya kukadiria: gawanya 72 kwa riba, utapata muda ambao deni litaongezeka maradufu. Kwa 15% ni vipindi vitano hivi. Mwitaliano Luca Pacioli aliitaja kanuni hiyo mwaka 1494, yaani ilikuwa na zaidi ya miaka 500 ya kunisubiri, na mimi niliyesoma hesabu mpaka sekondari nilikuwa nabonyeza tu "kubali".

Kosa jingine lilijificha vizuri zaidi kwa sababu lilifanana na uadilifu. Kulikuwa na mkopo mmoja mkubwa kidogo ambao nilikuwa naulipia kila mwezi, bila kukosa, kiasi kidogo nilichomudu. Nilijivunia huo. Kumbe chukulia deni la 1,000 lenye riba ya 5% kwa mwezi: riba ya mwezi ni 50. Wewe ukilipa 40, hujapunguza hata chembe, umeongezewa 10. Mwezi ujao riba inahesabiwa juu ya 1,010. Nilikuwa nalipa kila mwezi na deni linanenepa kila mwezi, na risiti zote ninazo.

Kisha kuna maneno. Mkopeshaji mmoja aliniambia riba yake ni "2% tu kwa mwezi", mwingine naye akasema 2%. Nikadhani ni kitu kimoja. Wa kwanza alitoza ile 2% juu ya kiasi cha mwanzo mpaka mwisho, hata baada ya mimi kulipa nusu. Wa pili alitoza juu ya salio linalopungua. Mkopo wa 1,200 unaorudishwa kwa miezi 12, kwa mtindo wa kwanza riba yake yote ni 288. Kwa mtindo wa pili, ukipunguza 100 ya msingi kila mwezi, ni 156. Asilimia ile ile, mdomo ule ule wenye tabasamu, na tofauti inakaribia maradufu. Siku hizi swali langu la kwanza kwa mkopeshaji yeyote ni moja: mpaka namaliza, nitakuwa nimerudisha kiasi gani kwa jumla? Anayejibu kwa asilimia badala ya kiasi, namuaga.

Lakini nilisema siri ndiyo ghali, na sijamaliza habari zake.

Anayeficha deni halipi kwa mpangilio. Analipa kelele. Nilikuwa napata pesa kidogo, natazama nani kapiga simu mara nyingi zaidi wiki hiyo, nani kaandika ujumbe wenye herufi kubwa, namtupia huyo ili anyamaze. Mwenye nyumba wangu alikuwa mzee mpole. Akinikuta mlangoni ananisalimia, anauliza watoto hawajambo, anasema "basi, ukipata utaniona." Kwa sababu ya upole wake nilimlimbikizia kodi ya miezi minne. Waliokuwa na uwezo wa kunitukana tu niliwalipa kwanza, na mtu pekee aliyekuwa na uwezo wa kunitoa ndani mimi na familia yangu nikamweka mwisho. Hivi ndivyo woga unavyopanga bajeti.

Vitisho navyo vilikuwa na ladha zake. Kijana mmoja mkusanya madeni, sauti changa kabisa, aliniambia kesho yake nitalala jela. Sikulala siku hiyo. Nilipokuja kutulia na kuuliza watu wanaojua, nikaambiwa kwamba Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966, kifungu cha 11, unasema mtu asifungwe kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Utapeli ni jambo jingine, na kupuuza amri ya mahakama ni jambo jingine. Lakini kuishiwa peke yake si kosa la jinai. Mdai anaweza kukushtaki akaja na madalali wakabeba vitu. Hilo ni chungu, ila lina utaratibu, lina karatasi, na kwenye utaratibu mtu ana nafasi ya kusema.

Zamani haikuwa hivyo. London kulikuwa na gereza la Marshalsea ambako wadaiwa walifungwa mpaka deni lilipwe, jambo la ajabu, kwani aliye ndani atafanyia kazi wapi? Baba yake Charles Dickens aliingizwa humo mwaka 1824 kwa deni la mwokaji mikate. Charles mwenyewe, akiwa na miaka 12, alikuwa kazini kwenye karakana ya dawa ya viatu, akibandika vijikaratasi kwenye vikopo. Kinachonigusa zaidi ni kilichofuata. Mtu yule akaja kuwa mmoja wa waandishi mashuhuri kuliko wote wa zama zake, na jambo hilo akalificha. Alimweleza rafiki yake aliyekuja kuandika habari za maisha yake, na umma ukajua baada ya yeye kufariki mwaka 1870. Gereza lenyewe lilikuwa limefungwa tangu 1842. Aibu ilidumu kuliko kuta.

Ya kwangu ilivunjwa na mtu mmoja ambaye sikumtarajia.

Nilikuwa kazini, saa nne asubuhi hivi. Namba ikaonekana, ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, mtu ambaye hatupigiani simu ila kwa salamu za heri au msiba. Nikapokea nikiwa nimeshasimama.

"Shemeji, habari za kazi."

"Njema, shemeji. Za huko?"

"Za huku nzuri." Akanyamaza. Nikasikia anakohoa kidogo, kile kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. "Shemeji, nimepata ujumbe hapa. Labda wamekosea namba."

Akanisomea. Ujumbe ulinitaja jina langu lote la vyeti, ukasema ni mdaiwa sugu, ukamwomba yeye kama mtu wangu wa karibu anishauri nilipe kabla ya hatua kuchukuliwa. Ile programu ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yangu, na mimi nilikuwa nimeikubalia katika yale masharti nisiyoyasoma. Nilinunua siri kutoka kwa mtu aliyekuwa ameshachukua orodha ya wote niliokuwa nawaficha.

Nikasema, "Watakuwa wamekosea, shemeji."

"Sawa, shemeji." Kimya tena. "Lakini jina wamelipatia."

Hakusema zaidi. Alinitakia kazi njema. Mpaka leo naona alinisitiri kuliko nilivyostahili, kwa sababu aliacha njia wazi nimwambie dada yake mwenyewe kabla yeye hajamwambia.

Jioni hiyo, watoto walipolala, nilichukua daftari la mtoto wangu mkubwa lililobaki kurasa kadhaa tupu, nikakaa mezani, nikamwita mama yao. Sikuwa na hotuba. Nilisema tu kuna madeni, nataka tuyaandike. Mkono ulitetemeka nilipoandika la kwanza. Kufika la sita nilikuwa naandika kama karani. Tulipanga safu: nani, msingi, riba, faini, mara ya mwisho kulipa. Sehemu nyingi nilijaza alama ya kuuliza.

Nilikuwa najiandaa kwa kilio au matusi. Yeye alivuta daftari upande wake, akaweka kidole kwenye mstari wa kwanza kabisa, ule mkopo wa kodi ya nyumba, akauliza, "Huu ulikopa mwezi gani?"

Nikamtajia.

Akakaa kimya akihesabu. "Mwezi huo nilikuwa na akiba. Ya ada ya watoto. Ada yenyewe ilikuwa bado miezi mitano." Akataja kiasi. Kilikuwa kinazidi ule mkopo wa kwanza. "Ungeniambia tungechukua tukarudisha taratibu. Hata riba isingekuwepo."

Kisha akanyanyuka, akaenda kulala, hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akaniuliza kama ile simu bado inakwaruzika.

Watu wakisikia habari za deni hupenda kutoa methali. Kukopa harusi, kulipa matanga. Dawa ya deni ni kulipa. Hii ya pili nimeambiwa na watu wengi wenye nia njema, na kila mara nilijisikia kama mwenye njaa anayeelezwa kwamba dawa ya njaa ni kula. Ni kweli, sina ubishi. Ila mwenye madeni 11 haulizi dawa, anauliza aanze na chupa ipi.

Tulianza na kuwapigia simu sisi wenyewe. Hilo peke yake lilibadilisha mambo kwa namna ambayo sikuitegemea. Mkusanya madeni amefundishwa kumwinda mtu anayekimbia. Ukimpigia wewe, tena asubuhi na mapema, anababaika. Nilikuwa na sentensi tatu nilizoziandika pembeni: nadaiwa nanyi na sikatai, naomba mchanganuo wa maandishi wa msingi, riba na faini, kila kimoja peke yake, nikishaupata nitawaambia naweza kulipa kiasi gani na tarehe gani. Sikuahidi zaidi ya nilichokuwa nacho, kwa sababu ahadi iliyovunjika inakurudisha nyuma kuliko kutoahidi. Wawili walipoona nalipa msingi wote kwa mkupuo walinifutia faini. Mmoja alikubali awamu sita. Mmoja alikataa kata kata, na huyo tulimlipa mpaka senti ya mwisho, kwa chuki, lakini tukalipa. Mchanganuo mmoja ulikuwa na tozo mbili ambazo hata wao walishindwa kuzieleza, zikaondoka.

Kaka yangu naye nilimwendea. Aliuliza "Imekuwaje?" kama nilivyojua atauliza. Nilimjibu kwa dakika kumi hivi. Swali lile nililolikimbia kwa gharama yote ile lilichukua dakika kumi. Yeye ndiye aliyetuwezesha kuzima zile programu za simu zote kwa pamoja, tukabaki tunadaiwa na ndugu badala ya mashine. Wengine wanaonya usichanganye undugu na pesa, na wana sababu zao. Kwetu tuliandika karatasi, tarehe na kiasi, tukasaini wote watatu, na mke wangu ndiye anayepeleka rejesho.

Mwenye nyumba alisogezwa juu kabisa ya orodha. Nilipompelekea miezi miwili ya mwanzo alihesabu, akaandika kwenye kitabu chake, akauliza watoto hawajambo.

Kijerumani, nilikuja kujifunza, kinatumia neno moja, Schuld, kwa deni na kwa hatia. Nilipolisikia nilisema hao wamenielewa. Lakini lugha yetu ina neno la zamani, kuwiwa, yaani kudaiwa, na nalisikia bado kwenye hotuba za watu: "nawiwa kuwashukuru." Neno moja linabeba deni na shukrani. Ningelikumbuka mapema huenda ningeongea na kaka yangu miezi mingi kabla. Au pengine nisingeongea. Maneno mazuri nilikuwa nayajua tangu utotoni na hayakunizuia kubonyeza.

Sasa yamebaki madeni mawili, na mojawapo ni la kaka.

Nimeruka habari za lile la kwanza nililolimaliza kabisa, na wataalamu wa hesabu watanilaumu. Kanuni inasema anza na lenye riba kubwa, maana ndilo linalokula zaidi. Mimi nilianza na la mwenzangu wa kazini, dogo kuliko yote, lisilo na riba hata kidogo. Alikuwa amenikopesha kwa wiki moja, ikawa mwaka. Ofisi yetu ina ngazi za mbele na ngazi za nyuma, na yeye alikaa karibu na zile za mbele. Kwa hiyo mwaka mzima nilipanda na kushuka kwa nyuma, kwenye giza, kunakonuka rangi na maboksi yaliyolowa, nikija mapema kuliko watu wote ili nisikutane naye. Mkuu wangu wa kazi aliwahi hata kunisifu kwa kuwahi.

Siku niliyompelekea pesa yake nilikuwa nimeiweka kwenye bahasha. Nilimkabidhi, nikaanza kuomba radhi, akanikatiza.

"Nilidhani umesahau," akasema.

"Nisahau vipi? Nilikuwa naona aibu kukutazama."

Akacheka, akaitia bahasha mfukoni bila kuhesabu. "Mimi nilikuwa naona aibu kukudai. Kila nikikuona naona utadhani nakufuata pesa. Ndiyo maana nikahamia ngazi za nyuma."

"Za nyuma?"

"Za nyuma. Ila mimi huwa nachelewa kufika."